Kubadilisha boljointi ya mbele ya Subaru Impreza WRX nyumbani kwako

Maswali ninayoulizwa ni yaleyale. "WRX yangu inagonga mbele nikipita tuta, ni boljointi au shokapu?" "Fundi kaniambia ninunue wishboni nzima, ni kweli?" "Nikishabadilisha lazima niende alaimenti, kupima mwelekeo wa magurudumu?" "Bolti imegoma kutoka, nifanyeje?" Hilo la mwisho ndilo huja usiku, gari likiwa juu ya jeki na mwenyewe kesho asubuhi anatakiwa kazini. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, na kazi yenyewe niiweke hatua kwa hatua.

Ninazungumzia Impreza WRX na STI za chasi GC8, GDA na GDB, yaani zile zilizotoka kati ya 1992 na 2007. Gari lako likiwa Forester au Legacy ya miaka hiyo, kazi ni ileile kwa sehemu kubwa, na mara nyingi hata boljointi ni hiyohiyo. Jibu la swali la wishboni, yaani ule mkono wa chini unaounganisha gurudumu na bodi, ni hili: hapana, huhitaji kununua nzima. Kwenye Subaru hizi boljointi inauzwa peke yake na inafungwa kwa bolti moja na nati moja tu. Wishboni nzima unanunua kama bushi zake nazo zimekwisha na unataka kumaliza kazi yote kwa siku moja.

Halafu kuna wanaosema miguu ya Impreza haifi kwa kuwa gari hili lilishinda Safari Rally, mwaka 1997 likiwa na Colin McRae na mwaka 2000 likiwa na Richard Burns. Lilishinda kweli. Lakini yale yalikuwa magari ya timu, na mafundi walikuwa wakiyasubiri kwenye vituo vya huduma na spea mpya mkononi. La kwako linapita mashimo yaleyale kila siku na boljointi iliyokuja nayo kutoka Japani.

Kwanza hakikisha ni boljointi

Impreza ina shokapu za aina ya MacPherson, kwa hiyo mbele kuna boljointi moja tu kila upande, ya chini. Usikubali kuuziwa "boljointi ya juu" ya gari hili, haipo. Nyuma hakuna boljointi ya namna hii kabisa.

Boljointi inakaa kati ya wishboni na nako, lile pande la chuma linalobeba habu na breki. Uzito wa gari unapita kwenye springi na shokapu, haupiti hapo. Kazi ya boljointi ni kushikilia sehemu ya chini ya gurudumu isiende huku na huko. Ndiyo maana unaipima gurudumu likiwa linaning'inia.

Inua gari mbele, liweke kwenye stendi, kisha shika tairi juu na chini, vuta juu huku unasukuma chini, na kinyume chake. Ukisikia mchezo, mwambie mtu akanyage breki na uendelee kutikisa. Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, tatizo ni beringi ya gurudumu. Mchezo ukibaki, angalia chini: weka mtaimbo kati ya wishboni na nako, nyanyua taratibu, na mtu mwingine amulike kwa tochi. Boljointi nzima haionyeshi mchezo wa kuonekana kwa macho. Kiwango cha mwisho cha kiwandani ni milimita 0.3, kwa hiyo ukiona shina, ile fimbo fupi ya boljointi inayoingia kwenye wishboni, linapanda na kushuka ndani ya kikombe chake, hakuna cha kujadili.

Tikisa na pembeni, kushoto na kulia. Mchezo wa hapo mara nyingi ni wa tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu.

Ukikuta boljointi ziko sawa na gari bado linagonga, angalia bushi ya nyuma ya wishboni, ile kubwa. Kwenye Impreza hiyo inachoka sana na kelele yake inafanana na ya boljointi. Linki za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, nazo hupiga kelele kubwa kuliko madhara yake. Nimeona watu wakibadilisha shokapu mbili kwa ajili ya linki moja.

Boljointi ikiwa imelegea sana, usiendelee kutembea nayo ukisema utaishughulikia mwisho wa mwezi. Shina likichomoka, gurudumu linalala chini ya bodi, na dereva hana la kufanya.

Vitu vya kuandaa

Boljointi mpya, na ni bora ununue mbili. Iliyobaki ina umri uleule na iliyokufa. Ukienda kwa wauza spea wa Gerezani (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) au Kisekka (Kampala), beba namba ya chasi na, ukiweza, beba picha ya iliyoko kwenye gari. Ukiwa dukani ishike mkononi: shina ligeuke kwa ugumu na ulaini wa namna moja, lisianguke lenyewe kwa uzito wake. Buti ya mpira isiwe na ufa wala mkunjo wa kukaa stoo miaka mingi. Mkato wa kupitisha bolti kwenye shingo uwe umechongwa safi. Boksi liwe na nati mpya na spliti pini mpya. Muuzaji akikuambia spliti pini utatumia ya zamani, chukua pini nyingine dukani kwake kwa bei ya karanga. Boljointi ya yuzdi usinunue, hata kama ni "ya Japani". Inatoka kwenye gari la umri uleule na la kwako.

Vifaa:

- jeki ya trole na stendi mbili za jeki, pamoja na kabari za magurudumu ya nyuma
- soketi na spana, hasa 14, 17 na 19, na mpini mrefu
- plaizi, bisibisi bapa nene na tindo
- nyundo mbili, moja nzito
- mtaimbo wa mita moja au zaidi
- pula ya boljointi, ya kukodi inatosha
- brashi ya waya, msasa, na dawa ya kulainisha kutu
- grisi ya shaba kidogo
- waya mgumu wa kufungia nako
- miwani ya kukinga macho
- spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza

Huna spana ya toki? Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Nguvu ya kukaza ni uzito mara urefu wa spana. Spana ikiwa na sentimita 25 toka katikati ya nati mpaka unapoikamata, kuivuta hadi mizani isome kilo 16 ni sawa na niutoni mita 39, na kilo 20 ni kama 50. Mizani ivute kwa pembe mraba na spana yako, isilale. Wapo watakaokucheka hapo nje, lakini jibu lake linakaribia la spana ya bei mbaya.

Kazi kubwa ni bolti moja

Kabla hatujaanza, elewa mahali penye shida. Boljointi ina shingo ya mviringo inayoingia kwenye nako kutoka chini. Nako imekatwa ufa hapo, ina masikio mawili, na bolti moja inapita kwenye masikio hayo kuyabana. Bolti hiyo pia inapita kwenye mkato wa shingo ya boljointi, kwa hiyo kuilegeza hakutoshi, ni lazima itoke yote. Thredi zake ziko kwenye sikio moja la nako yenyewe, hakuna nati upande wa pili.

Sasa fikiria bolti hiyo imekaa miaka 20 kwenye maji ya barabarani. Kama gari lilitoka Hokkaido au mikoa mingine ya theluji, limepigwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Kama limekaa Dar, Tanga au Mombasa, upepo wa bahari umemalizia. Ukiivamia kwa mpini mrefu inakatika ndani ya nako, na kazi ya saa mbili inakuwa kazi ya siku mbili na fundi wa mashine ya kutoboa. Hatua nyingine zote hapa chini mtu yeyote mwenye mikono miwili anaziweza. Hii ndiyo inayotaka subira.

Kwa hiyo anza jana yake. Ingia chini, sugua kwa brashi ya waya ncha ya bolti inayochungulia upande wa pili wa nako, kisha pulizia dawa ya kutu pande zote mbili na ndani ya ufa. Rudia kabla ya kulala na asubuhi tena. Dawa inafanya kazi kwa muda, haifanyi kazi kwa wingi.

Hatua

1. Egesha mahali pagumu na tambarare. Zege ni sawa, mchanga wa uani si sawa. Weka gia, vuta brekimkono, piga kabari magurudumu ya nyuma. Legeza nati za magurudumu ya mbele gari likiwa bado chini.

2. Inua mbele kwa jeki kwenye krosimemba, ile boriti ya chuma inayokatiza chini ya injini. Usiweke jeki kwenye sampu ya oili wala kwenye ekzosi, na injini ya boksa ya Subaru imelaza vyote viwili chini kabisa, kwa hiyo angalia kabla hujapampu. Weka stendi pande zote mbili chini ya ukingo wa bodi ulioimarishwa, shusha gari zikae, kisha lisukume kwa bega. Likicheza, panga upya. Hakuna kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

   Inua magurudumu yote mawili hata kama unabadilisha boljointi moja. Ukiinua upande mmoja, stabilaiza inasukuma wishboni juu na utapigana nayo kazi nzima.

3. Toa tairi. Litelezeshe chini ya ukingo wa bodi kama akiba, stendi ikifeli litapokea gari.

4. Fungua linki ya stabilaiza kwenye wishboni ya upande unaofanyia kazi. Fuatilia kwa macho waya wa sensa ya ABS na hozipaipu ya breki, ujue vinapita wapi na vimebaki na urefu gani. Kalipa na diski acha vilivyo, havikuzuii.

5. Safisha boljointi yote kwa brashi ya waya. Nyoosha spliti pini na uitoe kwa plaizi. Ikikatika, igonge mabaki yake kwa msumari mwembamba.

6. Legeza nati ya shina, ile ya chini yenye mikato, lakini usiitoe. Iache mpaka uso wake ulingane na mwisho wa shina. Vitabu vingi vinaanza kwa kutenganisha shina na wishboni, halafu ndiyo wanahangaika na shingo iliyoganda kwenye nako wakiwa hawana pa kushika. Mimi naanza na nako, shina likiwa bado limeuma kwenye wishboni, kwa sababu wishboni yenyewe ndiyo itakayokuwa mpini wa kuing'oa.

7. Sasa ile bolti. Geuza usukani mpaka kichwa chake kikae mahali soketi inaingia imenyooka. Tumia soketi ya pembe sita, siyo ya pembe 12. Kwanza jaribu kuikaza, kidogo tu, mpaka usikie imeshtuka. Kisha legeza robo mzunguko, kaza tena, legeza zaidi, dawa ya kutu kila mara. Nenda na kurudi hivyo. Vumbi jekundu likianza kutoka kwenye thredi, uko njia sahihi.

   Mkono wako utakuambia mapema. Bolti inayofunguka inalia na kushtuka. Inayotaka kukatika inageuka laini bila sauti, unahisi inavutika kama mpira. Ukihisi hivyo acha papo hapo, rudisha nyuma, tumia joto.

8. Kama imegoma, pasha joto sikio lenye thredi kwa tochi ya gesi, siyo bolti. Kabla ya moto futa dawa ya kutu yote, inawaka. Toa sensa ya ABS kwenye nako, na kinga buti ya draivu shafti kwa bati. Pasha, subiri kidogo, jaribu kwa nguvu ya wastani. Ukirudia mara kadhaa huwa inaachia.

9. Bolti ikishatoka, panua ufa wa nako. Wengi wanapigilia tindo, na inafaa ukipiga kiasi. Njia nzuri zaidi ni hii: chukua bolti ya thredi sawa na ile, iingize kutoka upande wenye thredi, yaani kinyume na ilivyokuwa, na kwenye ufa weka kipande cha chuma bapa au washa nene isiyopitisha ncha ya bolti. Ukikaza, bolti inasukuma kipande kile dhidi ya sikio la pili na ufa unafunguka. Milimita moja inatosha. Nako ni chuma cha kusubu, ukiipanua kwa pupa inapasuka, na hiyo haiungwi.

10. Weka mtaimbo juu ya wishboni, ncha yake ikae chini ya krosimemba, na ubonyeze wishboni chini huku mtu akigonga nako pembeni, pale shingo ilipoingia. Agonge kwa nyundo, mapigo mafupi. Shingo itashuka kidogo kidogo, kisha itachomoka ghafla. Uso wako usiwe kwenye njia ya mtaimbo.

11. Mara tu inapochomoka, ishike nako. Isiruhusiwe kutoka nje, kwa sababu jointi ya ndani ya draivu shafti inaweza kuvutika ikaachana, na hapo umejitafutia kazi nyingine yenye grisi mpaka kwenye viwiko. Ifunge kwa waya kwenye springi, hozi ya breki ikiwa imelegea.

12. Tenganisha shina na wishboni. Funga pula na ukaze mpaka shina lipige kelele ya kuachia. Sauti yake ni kubwa kama ya bunduki ya ndege, usishtuke. Nati uliyoiacha kwenye shina ndiyo inayozuia vitu kuruka. Kama huna pula, na wishboni yako ni ya chuma, weka nyundo nzito upande mmoja wa jicho la wishboni na upige upande wa pili kwa nyundo nyingine. Usipige chini ya shina kwanza, utalitanua tu.

    Onyo: baadhi ya WRX na STI zina wishboni za aluminiamu. Iguse na sumaku kabla hujapiga nyundo. Kama haishiki, tumia pula tu.

13. Safisha. Hapa ndipo watu wanapoharakisha kwa sababu wameona mwisho. Tundu la nako lisugue kwa msasa mpaka uone chuma, toa kutu yote ya kwenye ufa. Tundu la wishboni lifute kwa kitambaa kikavu, liwe halina grisi hata tone. Bolti ya kubana ikague: kama thredi zimelika au imejikunja, tafuta nyingine yenye alama ya ugumu sawa na iliyoandikwa kichwani. Bolti ya duka la vifaa vya ujenzi si mbadala.

14. Paka grisi ya shaba nyembamba kwenye shingo ya boljointi mpya na uisukume kwenye nako mpaka ukingo wake uguse nako kotekote. Geuza mkato wake ukae sawa na tundu la bolti. Bolti iingie kwa vidole. Isipoingia, boljointi haijapanda mpaka mwisho au mkato haujakaa sawa, rekebisha. Anayeipigilia bolti kwa nyundo hapa anaharibu thredi za nako kwa mkono wake.

15. Toa waya, bonyeza wishboni chini, shusha shina ndani ya tundu lake. Shina na tundu vikae vikavu. Grisi hapo inafanya shina lizame kupita kiasi unapokaza.

16. Kaza bolti ya kubana kwa niutoni mita 50. Kaza nati ya shina kwa niutoni mita 39, kisha endelea kukaza, kamwe usirudi nyuma, mpaka tundu la pini lionekane kwenye mkato wa nati. Usizidishe nyuzi 60 za mzunguko. Pitisha spliti pini mpya na uikunje miguu yake yote miwili.

    Niutoni mita 39 ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Vijana wa gereji wenye mpini wa mita moja huzidisha mara tatu, shina linachoka, na boljointi mpya inaonekana feki.

17. Rudisha linki ya stabilaiza na sensa ya ABS kama uliitoa. Geuza usukani mwisho hadi mwisho, ukiangalia hozi na waya havivutwi popote. Rudisha tairi, shusha gari, kaza nati za magurudumu kwa kupishanisha, kama niutoni mita 100.

Upande wa pili rudia vilevile. Utakwenda kwa nusu ya muda, isipokuwa kwa ile bolti, ambayo kila upande ina tabia yake.

Alaimenti

Ukibadilisha boljointi peke yake, kwa ya vipimo vya kiwandani, hujagusa mpangilio wowote. Zile bolti mbili kubwa zinazoshika nako kwenye shokapu usizifungue hata kama fundi jirani anakuambia itakuwa rahisi. Ya juu ni ya kurekebisha mlalo wa gurudumu, ukiilegeza umepoteza kipimo. Hata hivyo nenda ukapime. Boljointi mbovu huwa imeficha hali halisi ya tairi, na yawezekana mtu aliwahi kurekebisha tairodi kufidia ule mchezo.

Waliopunguza urefu wa gari kwa springi fupi wana suala jingine: wishboni zao zinaelekea juu, na zipo boljointi zenye shina refu za kurudisha pembe. Zinafungwa kwa hatua hizihizi. Lakini hakikisha rimu yako ina nafasi ndani kabla hujalipa.

Mambo yakienda kombo

*Nati ya shina inazunguka na shina lake.* Hutokea kufungua na kufunga. Weka jeki chini ya wishboni, pembeni ya nati, na uinyanyue kidogo. Wishboni inapanda, tundu linauma shina, shina linaacha kuzunguka. Usinyanyue mpaka gari lianze kuachana na stendi.

*Kichwa cha bolti ya kubana kimekatika.* Usianze kutoboa ukiwa umelala chini. Kama kuna kipande kinachochungulia, chomelea nati juu yake na ujaribu ikiwa bado ya moto. Ukichomelea, tenganisha betri kwanza. Ikishindikana, toa nako nzima na uipeleke kwa fundi wa mashine. Toboleo la kombo kwenye sikio la nako haliponi.

*Thredi za nako zimekwisha.* Fundi wa mashine anaweza kuweka thredi ya kupachika, ile ya koili ya chuma, ikarudi kwenye saizi ileile. Kutoboa sikio lipite na kufunga nati upande wa pili nimekuona sana barabarani, na sikushauri.

*Bado inagonga.* Kagua kama linki ya stabilaiza umeikaza, ndiyo inayosahaulika zaidi. Kisha nati za magurudumu. Kisha rudi kwenye bushi ya nyuma ya wishboni.

*Taa ya ABS imewaka.* Sensa haijakaa mpaka mwisho, au ncha yake imenasa vumbi la chuma kutoka kwenye kusugua. Itoe, ifute, irudishe.

*Usukani umekuwa mzito.* Boljointi mpya huongeza uzito kidogo siku za kwanza. Ukiwa mzito sana au haurudi wenyewe baada ya kona, yawezekana shina limekaa upande. Fungua uangalie.

*Boljointi mpya imeanza kucheza baada ya muda mfupi.* Tazama mchezo uko wapi. Ukiwa ndani ya kikombe, spea ilikuwa mbovu au buti ilichanika wakati wa kufunga, mchanga ukaingia. Ukiwa kati ya shingo na nako, tundu la nako limepanuka, pengine na fundi wa zamani aliyetembea na bolti imelegea. Boljointi nyingine haitasaidia hapo, wala bati la kopo la soda lililozungushwa kwenye shingo. Tafuta nako ya yuzdi ya chasi kama yako, na kabla hujalipa zungusha habu yake kwa mkono usikilize beringi.